Bia sita za Ubelgiji mezani: hatua kwa hatua, kuanzia dukani hadi kwenye glasi

Krismasi iliyopita shemeji yangu alikuja kututembelea Antwerp akitokea Moshi. Jioni ya pili akaniambia, "Shemeji, miaka yote unatusimulia bia za huko kwenu. Leo nionyeshe." Nikamwonyesha, na nusu ya jioni ikaharibika kwa kosa ambalo nitalieleza kwa kirefu kwenye hatua ya tatu. Baada ya hapo ndugu na marafiki wameniomba niwaandikie utaratibu ninaoufuata, basi nauweka wote hapa. Nimeuandika kwa ajili ya watu wanne wanaogawana chupa sita kwa jioni moja.

Hatua ya 1: Nunua chupa sita zisizofanana

Orodha yangu ni hii: Hoegaarden, Saison Dupont, gueuze (bia chachu) moja ya kweli, Orval, Westmalle Tripel na Rochefort 10. Karibu zote utazipata kwenye supamaketi ya kawaida ya Ubelgiji. Nimezichagua kwa sababu kila moja inatoka kwenye ukoo wake. Hoegaarden ni bia nyeupe ya ngano yenye giligilani na maganda ya chungwa. Aina hiyo ilikuwa imeshakufa kijijini Hoegaarden mpaka Pierre Celis alipoifufua mwaka 1966. Saison ni bia ya mashambani ya jimbo la Hainaut, kavu na yenye viputo vingi. Tatu za mwisho ni za Watrapisti, yaani zinapikwa ndani ya kuta za abasia chini ya usimamizi wa watawa. Tafuta alama ya pembe sita kwenye lebo. Chupa ikiandikwa "abdijbier" au "bière d'abbaye" pekee, imebeba jina la abasia lakini kwa kawaida hupikwa kwenye kiwanda cha bia cha kawaida. Si mbaya, ila si kitu kilekile.

Kwenye gueuze kuwa makini. Soma lebo mpaka uone neno "oude" au "à l'ancienne". Zisizo na neno hilo mara nyingi zimetiwa utamu, na zitakufundisha vibaya. Cantillon haifuati sana mtindo huo wa kuandika, lakini yao ni lambiki tupu, yaani bia iliyochachushwa na vijidudu vya hewani, chukua bila wasiwasi. Mimi nyumbani huwa na Boon au 3 Fonteinen.

Ikiwa ni Novemba au Desemba, toa Rochefort uweke bia ya Krismasi. Ninayoipenda kuliko zote ni Stille Nacht ya De Dolle, asilimia 12. St. Bernardus Christmas Ale, asilimia 10, ni rahisi zaidi kuipata.

Hatua ya 2: Zisimamishe wima siku mbili, gizani

Nyingi ya bia hizi huchachuka tena ndani ya chupa, kwa hiyo zina mashapo ya hamira chini. Zikisimama yatatulia. Giza ni kwa sababu mwanga wa jua hugombana na hopsi (maua yanayotia bia uchungu) na kuipa bia harufu mbaya inayofanana na ya kicheche.

Hatua ya 3: Osha glasi, na uoshe kwelikweli

Hapa ndipo nilipopoteza saa tatu.

Nilifungua Westmalle Tripel mbele ya shemeji, nikamimina taratibu, povu likapanda zuri jeupe, halafu likazama. Dakika moja haikuisha, glasi ikabaki kama ya juisi ya nanasi. Nikasema chupa imekaa vibaya. Nikafungua ya pili, ikawa vilevile. Nikalaumu joto, nikairudisha ya tatu kwenye friji, tukasubiri. Ikawa vilevile. Nikavaa koti nikarudi dukani kwenye baridi kununua nyingine, nikiamini kabisa kwamba nimeuziwa mzigo mbovu. Niliporudi shemeji alikuwa ameshika glasi tupu chini ya taa ya jikoni, anaigeuzageuza.

"Shemeji, glasi hizi mliosha na lile karai la kitimoto?"

Tuliosha nalo, kwenye maji yaleyale, na dodoki lilelile, kisha tukafuta kwa kitambaa kilekile cha jikoni. Kwa macho glasi zilikuwa safi. Akaniambia kwao mama yake hakuwahi kuruhusu kata ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, iguswe na chombo chenye mafuta, na yeye mwenyewe hakuwahi kujua sababu.

Sababu ni hii. Povu la bia linashikiliwa na protini za kimea pamoja na uchungu wa hopsi, ambavyo kwa pamoja hutengeneza utando mwembamba kuzunguka kila kiputo. Tone la mafuta, hata lisiloonekana, linapasua utando huo. Sabuni iliyobaki kwenye glasi inafanya hivyohivyo. Povu likifa, harufu inatoroka mapema na gesi inaisha haraka, na kwenye bia hizi harufu ni nusu ya pesa uliyolipa.

Basi fanya hivi:

Glasi za bia zioshwe peke yake, kabla ya vyombo vingine, kwa dodoki lisilowahi kugusa sufuria. Mimi situmii tena sabuni ya vyombo. Natia kijiko cha magadi soda kwenye maji ya moto, nasugua ndani na hasa ukingoni, kwa sababu ukingo ndio unaobeba mafuta ya midomo na rangi ya midomo. Kisha nasuuza kwa maji mengi. Usifute. Zipindue kwenye waya wa kukaushia vyombo ili hewa iingie kwa chini. Ukizipindua juu ya kitambaa, harufu ya kitambaa inabaki ndani, na utaisikia kwenye Hoegaarden kabla ya kitu kingine chochote.

Mashine ya kuosha vyombo siipendi kwa kazi hii. Ile dawa ya kung'arisha inayotiwa kwenye mashine inaacha utando wake. Kama huna njia nyingine, suuza tena kila glasi kwa mkono baada ya mashine kumaliza. Kama maji ya kwenu yana chokaa na glasi imeshika ukungu mweupe, siki itautoa, lakini suuza mpaka harufu ya siki iishe. Glasi mpya kutoka dukani nazo zioshe, zina vumbi la boksi.

Kupima: lowesha glasi, nyunyiza chumvi ya mezani ndani. Chumvi ikishika sawasawa kila mahali, glasi ni safi. Ikiacha mabaka yasiyo na chumvi, hapo pana mafuta, rudia. Ukishamimina utapata jaribio lingine: viputo vikiganda kwenye kuta za glasi kama jasho, hapakuwa safi. Kwenye glasi safi viputo havigandi ukutani, na kila funda linaacha mkanda wa povu, hivyo mwisho unaweza kuhesabu mafunda yako.

Sekunde chache kabla ya kumimina, suuza glasi kwa maji baridi ya bomba na uiache ikiwa mbichi. Wahudumu wazuri wa huku wote wanafanya hivyo mbele yako.

Tahadhari ya mwisho: hata glasi safi haitakusaidia kama umeanza na chipsi. Mafuta ya midomo yanaingia kwenye povu kwa funda la kwanza. Vyakula vya kukaanga vije baadaye.

Kuhusu umbo, si lazima ununue glasi ya kila bia, ingawa Wabelgiji wanalichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Glasi nne zenye tumbo na shingo inayobana kidogo zinatosha. Ukinunua moja tu yenye jina, nunua ya Duvel, bia nyingine ya huku: inaingiza chupa nzima ya sentilita 33 pamoja na povu lake, na chini yake pamechorwa alama inayozalisha viputo mfululizo.

Hatua ya 4: Joto

Usinipe Rochefort ya baridi kali. Baridi inaua harufu, na utabaki na utamu na pombe. Hoegaarden ndiyo pekee ninayoitoa kwenye friji na kumimina hapohapo. Saison, gueuze na Tripel nazitoa dakika 15 kabla. Orval iwe kama nyuzi 12, Rochefort 12 hadi 14, maana yake inakaa nje karibu saa nzima chumba kikiwa na joto la kawaida la huku.

Hatua ya 5: Mimina

Inamisha glasi nyuzi 45, mimina taratibu ukutani mpaka nusu, halafu isimamishe na umalizie katikati ili povu lipande vidole viwili au vitatu. Usisimamishe chupa katikati ya kazi, maana kila ukiisimamisha na kuinamisha tena unakoroga mashapo. Kwa watu wanne, panga glasi kwa safu na upite zote kwa mkupuo mmoja. Bakisha sentimita moja chini ya chupa.

Mashapo hayo si uchafu, ni hamira. Ya Orval na Westmalle naionja kwenye kiglasi pembeni. Ya Hoegaarden ni kinyume: ukibakisha kidogo, tikisa chupa kwa mzunguko na umimine yote, kwa sababu bia nyeupe inatakiwa iwe na ukungu.

Gueuze yenye kizibo kama cha mvinyo ishike kwa taulo. Ina msukumo wa shampeni.

Hatua ya 6: Onja kwa mpangilio huu

Hoegaarden, Saison, gueuze, Orval, Tripel, Rochefort. Niliwahi kuweka gueuze mwisho, baada ya Rochefort, na kila mtu mezani akasema ni siki. Ndimi zilikuwa zimeshazoea utamu. Iweke ya tatu, na vipande vya jibini vilivyochovywa kwenye haradali na chumvi ya selari, kama mikahawa ya huku inavyofanya.

Hapa, mgeni kutoka kwetu mpe muda. Gueuze haitiwi hamira. Wapishi wa bia wa bonde la Senne, eneo la Brussels, hupika miezi ya baridi, wanaacha uji wa kimea upoe usiku kucha kwenye beseni pana chini ya paa, na vijidudu vya hewani na vya mle ndani vinauchachusha. Kisha unakaa kwenye mapipa ya mbao, na gueuze ni mchanganyiko wa mapipa machanga na yaliyofika miaka mitatu. Shemeji alikunywa funda moja, akakunja uso, akanyamaza. Funda la pili akasema, "Hii ni mbege iliyolala." Tukazungumza mpaka usiku wa manane kuhusu ulezi na ndizi zinavyochachuka, na magome ya msesewe yanavyotoa uchungu ambao huku unatolewa na hopsi. Hakuna bia nyingine mezani iliyompeleka nyumbani kwa haraka namna ile. Kama mgeni wako amekulia kwenye mbege, usimtangulizie maelezo, mwache aikute mwenyewe.

Baada ya gueuze kunyweni maji. Rochefort 10 ina asilimia 11.3, kwa hiyo chupa yake ndogo ya sentilita 33 ina pombe ya chupa moja na nusu ya nusu lita ya bia ya asilimia 5. Ndiyo maana nasema chupa sita kwa watu wanne, na anayeendesha gari asubiri siku nyingine.

Hatua ya 7: Orval ya pili

Nunua Orval mbili badala ya moja. Lebo ina tarehe ya kutiwa kwenye chupa, chagua changa kabisa. Moja kunyweni jioni hiyo: utasikia hopsi mbele, maua na uchungu safi. Ya pili isimamishe kabatini, gizani, miezi sita. Ndani yake mna hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, nayo inaendelea kula sukari polepole, hivyo bia inakauka, hopsi zinanyamaza, na inakuja harufu ya ngozi na majani makavu. Mimi naipenda hiyo ya pili zaidi. Ya shemeji iko kabatini tangu Desemba, nimeiandika jina lake kwa kalamu kwenye kizibo, na amesema isifunguliwe bila yeye.