Kuifufua Nyumbani Injini ya Kamshafti Mbili ya Fiat 124 Sport: Mwongozo kwa Fundi wa Malindi

Malindi imeishi na Waitaliano kwa miongo mingi, tangu mradi wa San Marco ulipoanza kurusha satelaiti kutoka baharini karibu na Ngomeni katika miaka ya 1960, na kwa hiyo si jambo la kustaajabisha kukuta gari la Kiitaliano la zamani limeegeshwa chini ya banda la makuti likisubiri mtu mwenye subira. Mwongozo huu unahusu injini moja tu, ile ya Fiat 124 Sport yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1608, ingawa mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenye Toyota au Alfa Romeo ya aina hiyo. Msimamo wangu ni kwamba injini hii haihitaji vipuri vya kumetameta bali vipimo sahihi, na kwamba fedha anayoitenga mtu kwa ajili ya kabureta kubwa ingekuwa na faida zaidi kama angenunulia mikrometa, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, na kumlipa vizuri fundi wa kukereza.

Injini yenyewe ilibuniwa na Aurelio Lampredi, mhandisi aliyekuwa amekwisha kujijengea jina kwa injini za Ferrari, na ilitokea sokoni mwaka 1966 ikiwa na ujazo wa 1438 kabla ya kufuatiwa na hii ya 1608. Bloku ni ya chuma cha kalibu, hedi ni ya alumini, na kamshafti zake mbili, yaani shafti zinazofungua valvu, huendeshwa na mkanda wa mpira wenye meno badala ya cheni, jambo lililokuwa geni kabisa kwa magari ya kutengenezwa kwa wingi wakati huo. Kipenyo cha silinda ni milimita 80 na mwendo wa pistoni ni milimita 80 vilevile. Ukoo wake ulidumu muda mrefu: injini ya lita 2 ya Lancia Delta Integrale, gari ambalo Miki Biasion alishindia mbio za Safari hapa Kenya mwaka 1988 na 1989, ni mjukuu wa injini hiyohiyo.

Usiifungue injini kabla ya kuihoji. Ipashe moto ikiwa bado inawaka, toa plagi zote nne, pima kompresheni ya kila silinda, kisha mimina kijiko kimoja cha oili katika silinda iliyo dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zilizochoka. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Andika namba hizo kwenye daftari, kwa sababu ndizo zitakazokuambia kama kazi yako imeleta tofauti yoyote.

Mahali pa kazi panastahili kufikiriwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili hubeba mchanga laini na chumvi, na uso wa krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) uliotoka kusuguliwa huanza kushika kutu usiku mmoja tu ukiachwa bila oili. Chumba chenye sakafu ya saruji na mlango unaofungwa ni bora kuliko banda lililo wazi hata kama banda lina ubaridi zaidi. Kila kipande kilichosafishwa kipakwe oili nyepesi, kifungwe katika mfuko wa plastiki na kuandikwa jina lake siku hiyohiyo.

Injini itolewe kwa chenibloku iliyofungwa kwenye boriti ya kuaminika, si kwenye mti wa paa la makuti. Ikishafika mezani, zungusha krenkishafti mpaka pistoni zote ziwe katikati ya silinda ndipo uondoe mkanda, kwa kuwa katika injini hii valvu zinaweza kugonga pistoni pale kamshafti zinapozungushwa bila mpangilio. Kila kamshafti imekaa ndani ya kasha lake lililofungwa juu ya hedi, na kasha likinyanyuliwa, tapeti, vikombe vidogo vinavyosukuma valvu, hutaka kuanguka pamoja na visahani vyake vya kurekebishia nafasi. Hapo ndipo trei ya mayai inapoonyesha thamani yake: ziandikie pembe zake "mbele" na "nyuma", weka safu moja ya valvu za kuingiza na nyingine za kutoa moshi, na kila tapeti ilale na kisahani chake mahali palepale ilipotoka. Kuzichanganya ni kujitafutia kazi maradufu baadaye.

Huenda hedi ikakataa kutoka. Magari mengi ya pwani yametiwa maji ya kisima kwa miaka, na maji yetu, yanayopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa na mara nyingi chumvi pia. Chokaa huziba njia za maji, na chumvi huchochea ulikaji pale alumini inapokutana na chuma. Usiitie bisibisi katikati ya nyuso mbili na kuipiga nyundo, maana alama moja tu kwenye alumini itakuwa njia ya maji. Paka oili ya kupenya, subiri hadi kesho yake, kisha gonga kwa kipande cha mbao ngumu kwenye pande zilizo nene. Hedi ikishatoka, angalia mdomo wa kila tundu la maji. Kama alumini imeliwa hadi karibu na ukingo wa gasketi, itahitaji kujazwa kwa kulehemu na kunyolewa upya, na hiyo si kazi ya nyumbani.

Sasa vipimo. Silinda haichakai sawasawa: huliwa zaidi upande wa juu ambako ringi hugeukia, na zaidi katika upande ambao pistoni hulalia kuliko ule wa mbele na nyuma. Pima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana, ili uone ukubwa wa tofauti. Fiat ilitoa pistoni za saizi ya ziada za milimita 0.2, 0.4 na 0.6, na ni busara kuchagua ile ndogo kabisa inayoweza kufuta uchakavu, ili bloku ibakize nyama ya kukerezwa tena siku nyingine. Kwa saizi ya 0.4 ujazo wa injini utapanda hadi takriban 1625, ongezeko ambalo dereva hatalihisi. Mashine nzuri za kukereza zinapatikana Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi, na mafundi wa huko wanaoijua kazi watakuambia jambo moja kabla hata ya kuulizia bei: "Bwana, niletee pistoni kwanza." Wana haki. Silinda hukerezwa kuifuata pistoni iliyo mkononi, pamoja na nafasi aliyoitaja mtengenezaji wake, si kuifuata namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Krenkishafti nayo ipimwe kwenye kila shingo, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi. Ikisuguliwa, beringi za saizi ya chini huenda kwa hatua za milimita 0.254, yaani sehemu moja ya mia ya inchi. Baada ya kusuguliwa, vizibo vya njia za oili ndani ya krenkishafti sharti vitolewe na njia zisafishwe kwa brashi ndefu na petroli, kwa sababu unga wa jiwe la kusugulia hujificha humo, na oili ya kwanza itakayopita itausukuma moja kwa moja kwenye beringi zako mpya. Naliona jambo hili likipuuzwa kuliko jingine lolote.

Kusawazisha uzito wa pistoni na konrodi (fimbo zinazoziunganisha na krenkishafti) ni marekebisho ya bei rahisi yenye faida kubwa. Mizani ya jikoni haifai. Mwombe sonara wa mjini akupimie kwenye mizani yake, atacheka kidogo kisha atakupa kipimo cha gramu na sehemu zake. Pistoni zote nne zisitofautiane kwa zaidi ya gramu mbili au tatu, na iliyo nzito ipunguzwe kwa tupa ndani, chini ya pini, mahali penye unene, kamwe si kwenye sketi, yaani ukuta wake wa chini, wala karibu na ringi. Injini iliyosawazishwa hivyo huzunguka kwa ulaini unaousikia kwenye usukani.

Kuhusu hedi, anza na miongozo ya valvu, kwani kusaga valvu kwenye mwongozo uliolegea ni kazi bure. Vikalio vya valvu katika hedi ya alumini ni vipete vilivyopachikwa, na kwa kuwa petroli yenye risasi iliachwa nchini kufikia mwaka 2006, vya upande wa moshi vikihitaji kubadilishwa basi viwekwe vya chuma kigumu. Uso wa hedi unyolewe kiasi cha kuunyoosha tu, isipokuwa kama unataka kupandisha kompresheni kwa makusudi, na hapo fanya hesabu kwanza. Kila silinda ina sentimita za ujazo 402. Uwiano wa kompresheni ukiwa 9.8 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni takriban sentimita za ujazo 45.7. Kunyoa nusu milimita huondoa kama 2.5, na uwiano unafika karibu 10.3. Kwa joto la Malindi mchana wa Februari, na kwa petroli ya kawaida ya vituo vyetu, singevuka hapo. Kumbuka pia kwamba hedi ikishuka, mkanda huzichelewesha kamshafti zote mbili kwa kiasi fulani, na ndiyo maana puli zinazoweza kurekebishwa ni kipuri cha ziada ninachokiunga mkono bila kusita.

Kabla ya kuunganisha, osha bloku kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kwani petroli peke yake haiondoi unga wa kukereza kwenye mikwaruzo ya silinda. Kitambaa cheupe kilichotiwa oili kikipitishwa ndani na kutoka kijivu, rudia kuosha. Ringi ya juu iingizwe peke yake katika silinda, isukumwe chini kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, na mwanya wake upimwe: kati ya milimita 0.30 na 0.45 ni sawa kwa kipenyo hiki. Ikibana zaidi, punguza ncha zake kwa tupa laini, maana ncha zikikutana injini ikiwa moto, ringi itavunjika. Nafasi ya beringi ipimwe kwa uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na shingo, na bolti zote zikazwe kwa spana ya toki kwa hatua, zile za hedi zikianzia katikati kuelekea pembeni, kwa namba za kitabu cha gari na si kwa mkono wa mazoea.

Shafti ndogo ya pembeni, inayoendesha pampu ya oili na pampu ya petroli, wengi huiona haina maana kwenye taimingi, yaani mpangilio wa shafti kwa alama zake. Ina maana: jino lake la pampu ya petroli linaweza kugonga konrodi ya silinda ya pili likikaa vibaya. Ipange pamoja na krenkishafti na kamshafti, funga mkanda mpya pamoja na puli mpya ya kukazia, zungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha hakiki alama zote tena. Ukihisi chochote kinakwama, simama hapo hapo. Nafasi za valvu hurekebishwa kwa visahani vilivyo juu ya tapeti, injini ikiwa baridi na pua ya kamshafti ikiwa imetazama juu. Hesabu ni nyepesi: chukua unene wa kisahani kilichopo, ongeza nafasi uliyopima, ondoa nafasi inayotakiwa. Kisahani cha milimita 3.90 chenye nafasi ya 0.65, endapo kitabu kinataka 0.45, kinabadilishwa na cha 4.10.

Katika marekebisho mengine, ningeweka mfumo wa kielektroniki wa kuwasha badala ya pointi, feni ya umeme yenye swichi ya joto, na rejeta iliyosafishwa kwa kufunguliwa tangi, ikajazwa kimiminika maalumu kilichochanganywa na maji yaliyochujwa. Njia za hewa zilinganishwe na gasketi za manifoldi bila kuzipanua. Kamshafti za mashindano ziachwe. Hutoa nguvu katika mizunguko ambayo barabara ya Kilifi, yenye matuta na malori, haitakuruhusu kuifikia, na huko chini injini itakuwa nzito kama punda aliyegoma.

Siku ya kuwasha, mimina oili juu ya kamshafti, toa plagi, na zungusha injini kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Rudisha plagi, ukikumbuka kwamba mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na ikishika iache izunguke kwa takriban mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20, ukitazama joto na uvujaji. Kuiacha ikinguruma chini kwa saa nzima hakuzisaidii ringi, ambazo hukaa kwa kufanyishwa kazi; ichukue barabara ya Garsen asubuhi na mapema, ongeza mwendo na kuachia mara kwa mara, bila kuikimbiza sana. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, kaza tena hedi ikiwa baridi kama kitabu kinavyoelekeza, pima valvu upya, kisha pasua filta kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, maana msumeno utaacha unga wake humo. Tandaza karatasi ya filta juani. Vumbi dogo la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyonaswa na sumaku au chembe zenye rangi ya shaba vinamaanisha kwamba sampu, tangi la oili chini ya injini, inafunguliwa siku hiyohiyo, kabla injini haijawashwa tena.