Shahada ya Kukufikisha Halmashauri: Ipange Kabla Hujajaza Fomu

Mwanangu, umeniuliza ni shahada ipi inayochanganya uchumi, sheria na maendeleo ya jamii, ili na wewe uje ufanye kazi serikalini kama mimi shangazi yako. Jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wa simu, basi naliandika hapa na wenzako wa kidato cha sita walisome.

Shahada yenye jina hilo haipo. Kuna vyuo vya Marekani ambako mwanafunzi hukaa na mwalimu wake wakatunga shahada na kuipa jina wanalotaka. Kwetu Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huidhinisha kila programu kwa jina lake, na wewe unachagua kati ya majina yaliyomo kwenye mwongozo wa udahili. Shahada ni kama nyumba ya kupanga: kuta huzigusi, ila vyombo vya ndani unaleta mwenyewe. Kwa hiyo una kazi mbili. Kwanza uchague jina litakalokubalika serikalini, kisha ulijaze mchanganyiko unaoutaka.

Usianzie kwenye mwongozo wa TCU. Anzia kwenye matangazo ya kazi. Ingia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pakua matangazo ya miaka miwili mitatu iliyopita, na uwe na daftari. Kwa kila kada inayokuvutia, iwe Afisa Mipango, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Tarafa, Mtendaji wa Kata au Mchumi, nakili neno kwa neno sehemu inayoitwa "sifa za mwombaji". Maneno yale hayakutungwa na aliyeandika tangazo. Yanatoka kwenye muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada husika, na muundo haubadiliki kila mwaka, ndiyo maana matangazo ya zamani yanakufaa kabisa.

Utakachogundua ni kwamba kada hazifanani kwa upana. Kwenye sifa za Afisa Maendeleo ya Jamii utakuta fani kadhaa zimepangwa: maendeleo ya jamii, elimu ya jamii, masomo ya maendeleo, jinsia na kadhalika. Za Afisa Tarafa na Mtendaji wa Kata nazo hufungua mlango kwa fani nyingi, utawala na sheria zikiwemo. Ukienda kwa Mhasibu au Afisa Ununuzi, mlango unakuwa mwembamba, kwa sababu nyuma yake ipo bodi ya taaluma: NBAA kwa wahasibu, PSPTB kwa watu wa ununuzi na ugavi. Mtu wa mchanganyiko asijidanganye hapo. Kama roho yako iko kwenye uhasibu, soma uhasibu wote ukafanye mitihani ya bodi. Vivyo hivyo kwa uwakili: baba yako anayetaka uwe wakili ajue kwamba baada ya shahada ya sheria bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na kozi tatu za sheria ndani ya shahada nyingine hazikupeleki huko.

Mwishoni mwa sifa mara nyingi utakuta "au sifa nyingine zinazolingana na hizo". Usijenge maisha yako juu ya maneno hayo. Katika mchujo wa makaratasi linasomwa jina la shahada. Anayechuja maelfu ya maombi hana muda wa kufungua orodha ya kozi zako aone ulisoma nini ndani. Umahiri wa ndani unakuja kuonekana baadaye, kwenye usaili, na zaidi ukishakalia kiti.

Sasa majina. Wewe una EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, na ukifikisha pointi 4.0 katika masomo mawili ya tahasusi unakuwa umevuka kigezo cha chini cha TCU. Kila programu ina masharti yake juu ya hapo, na za uchumi zinaiangalia sana hisabati. Kwa mtu anayetaka kazi ya halmashauri ningeweka mezani tatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, ambayo inakupa dola na sera, na kukuachia nafasi ya kuongeza uchumi. Mzumbe, pale Morogoro, wana utawala wa umma, na hawakuanza jana: kilikuwa shule ya serikali za mitaa tangu 1953, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Halafu kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, ambacho watu wa Dar hukisahau. Shahada yake ya mipango ya maendeleo ya mikoa ni mchanganyiko kwa asili yake, maana mpangaji hana budi kujua watu, ardhi, takwimu na fedha. Kwa tabia yako ya kupenda namba na kuchukia porojo, mimi ningeanza na Dodoma. Uamuzi ni wako.

Lakini kwa nini mchanganyiko kabisa? Chukua zahanati moja ya kijiji. Mwaka 2007 Serikali ilianza Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, shabaha ikiwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Wananchi wengi wakachangishana, wakapandisha boma, yaani kuta zisizo na paa, wakasubiri halmashauri ipaue. Faili la boma kama hilo likifika mezani kwangu, swali la kwanza ni la ardhi: kiwanja ni cha kijiji kweli, au ni cha ukoo uliotoa kwa mdomo na sasa wajukuu wanakidai? Hapo unahitaji kuijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na kusoma muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Swali la pili ni la takwimu: wakazi wangapi, na zahanati ya jirani iko umbali gani? Swali la tatu ni fedha: mapato ya ndani yanatosha, au tuiombee ruzuku ya Serikali Kuu? Kama ni mapato ya ndani, kumbuka asilimia kumi imeshafungwa na sheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Kisha ununuzi wa vifaa unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, na bajeti yenyewe iwe imeingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti za halmashauri, vinginevyo hakuna malipo. Mwisho wake unasimama mbele ya wanakijiji kueleza kwa nini bati limekwenda kijiji kingine kwanza. Hapo uchumi haukusaidii kitu. Unahitaji kujua kusema na wazee.

Hilo faili ndilo mtaala wako. Mtaalamu wa fani moja ataliona kipande tu, na kila ofisi itakwambia "hilo si letu, nenda kwa mwanasheria". Anayeweza kulisoma faili zima, hata kama si bingwa wa ukurasa wowote, ndiye anayeitwa kwenye vikao.

Kwa hiyo ukishapata chuo, omba orodha ya kozi zote za miaka mitatu siku ile ile unapojisajili. Shahada ya kwanza inadai angalau krediti 360, wastani wa 120 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni kozi za lazima ambazo huwezi kuzikwepa. Kinachobaki ni opsheni, yaani kozi za kuchagua. Wanafunzi wengi huchagua opsheni kwa kuulizana mwalimu gani "anatoa A". Wewe chagua kwa faili la zahanati. Ningekutaka uwe na angalau mbili za fedha za umma na bajeti, mbili za sheria (sheria ya utawala na sheria ya ardhi zikipatikana), moja ya mbinu za utafiti zaidi ya ile ya lazima, na moja ya takwimu inayofundishwa kwenye kompyuta. Zilizobaki ni starehe yako, hata kama ni historia ya sanaa.

Kuna vikwazo viwili vya kawaida. Kozi za idara nyingine huwa zina sharti la kozi ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo ukikumbuka uchumi ukiwa mwaka wa tatu umechelewa. Na ratiba hugongana. Idara hazipangi ratiba zikikufikiria wewe, basi nenda kwa mkuu wa idara ya pili ndani ya wiki za mwanzo, wakati bado inaruhusiwa kubadilisha, ukiwa na karatasi inayoonyesha kozi na saa zake. Usiende na maelezo ya mdomo. Na usijaze mno: ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye opsheni uliyoitaka mwenyewe, GPA inaumia sawasawa na kozi ya lazima.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ndiyo sehemu ninayoipigia kelele zaidi. Vijana wanakimbilia kufanya fildi makao makuu ya wizara au benki, wanaishia kupiga chapa na kupeleka barua. Andika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, tena ya wilaya, si ya jiji. Fildi nyingi huangukia Julai hadi Septemba, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai, kwa hiyo utakuta watu wanafunga hesabu za mwaka uliopita na kuandaa taarifa ya robo ya nne. Omba usaidie taarifa hiyo. Utaona miradi yote, iliyokamilika na iliyokwama, na sababu zilizoandikwa kando yake. Omba pia kufuatana na timu inayokwenda kata kuibua miradi kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ukipata bahati ya kuikuta. Kaa kimya, andika, salimia watu vizuri. Mtendaji wa kijiji akikuamini atakuonyesha daftari ambalo mkaguzi haliulizii.

Kutoka huko ndiko utoe mada ya utafiti wako wa mwaka wa tatu. Swali kama "kwa nini maboma haya matano hayajapauliwa" linakulazimisha kutumia sheria, fedha na watu kwa pamoja, na msimamizi wako atafurahi kuona data ambayo haikunakiliwa.

Kuhusu ada: mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, uombe mapema, na ujue kwamba ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Panga maisha kwa mshahara uliobaki.

Ukimaliza, fuatilia cheti chenyewe na transkripti, kwa sababu hati ya matokeo ya muda haikubaliki kwenye maombi. Hakikisha majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo. Kama kuna tofauti, hata ya herufi, shughulikia kisheria kabla ya tangazo kutoka. Usaili huanza kwa maandishi, kisha mahojiano. Ukifaulu lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lako linawekwa kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo baadaye bila kufanya usaili upya. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu hovyo, na usijifungie Dar. Barua ya kupangiwa kituo inaweza kusema Kakonko au Liwale, na siku za kuripoti zimeandikwa humo humo.