Kushusha Impreza kwa springi fupi, hapa hapa kwenye pakingi ya ploti

Wadau, salamu. Tangu niweke picha ya gari wiki jana, wengi mmeniuliza ni fundi gani aliyelishusha. Hakuna fundi. Ni mimi na shemeji yangu, Jumamosi moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza kuingia, juu ya kabro za ploti Donholm. Keyateka alikubali kwa sharti kwamba tusimwage oili. Hilo halikuwa gumu, maana kazi hii haigusi oili popote.

Gari ni Subaru Impreza ya 2005. Springi nilizoweka zinashusha milimita 30 mbele na 25 nyuma. Kwa matuta ya Nairobi, nisingeshauri mtu ashuke zaidi ya hapo.

Kabla ya kushika spana

Pima kwanza. Chukua futi, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, uandike mahali. Mimi niliandika ukutani kwa chaki, na keyateka akapata sababu ya kulalamika baada ya yote. Bila vipimo hivyo utabaki kubishana na macho yako iwapo gari limeinama upande mmoja.

Jioni ya kabla ya kazi, puliza dawa ya kulainisha kutu kwenye bolti zote za shoki. Gari lililozeekea Nairobi halina kutu kama la Mombasa, lakini kama lako lilitoka kaskazini mwa Japani, kule wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, jiandae kwa bolti zilizogoma.

Vifaa: jeki ya magurudumu, stendi mbili nzito, soketi namba 12, 17 na 19, bomba la kurefushia mkono wa spana, ufunguo wa Allen, waya mgumu, tippex, spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) na kibanio cha springi. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda, likalie stendi. Kama pakingi yako ni udongo, weka ubao mpana chini ya kila stendi.

Hicho kibanio ndicho nitakachokisemea zaidi, kwa sababu ndicho kinachoweza kukuvunja taya. Cha kwanza nilikinunua rahisi mjini. Tulipofika nusu ya kubana, kulabu moja ikateleza upana wa kidole kuzunguka springi, ikatoa mlio kama bati linalopasuka. Shemeji aliweka spana chini, akaenda kunywa chai, wala simlaumu. Nilikilegeza polepole, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, nikakitupa. Tulimalizia na cha kuazima, chenye kulabu nene na pini za kufungia ili zisiteleze. Springi ya gari iliyobanwa inashikilia nguvu ya mamia ya kilo. Usiiinamie, usiielekeze kwa mtu, na usikifunge kibanio kwa mashine ya upepo. Mkono tu.

Kutoa shoki ya mbele

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi, toa tairi. Inua pande zote mbili za mbele kwa pamoja, vinginevyo stebilaiza, ile fimbo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia, itakuwa inasukuma upande mmoja ukipigana nayo.

Fungua bolti inayoshika paipu ya breki kwenye shoki, na ile ya waya wa ABS. Paipu yenyewe usiifungue, ndiyo maana hutahitaji kutoa hewa kwenye breki baadaye. Sasa angalia chini ya shoki: kuna bolti mbili kubwa, namba 19. Ile ya juu si bolti ya kawaida, kichwa chake kina alama na ndiyo inayoamua tairi lilale kiasi gani. Ipake tippex mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye bolti hadi kwenye shoki, ili uirudishe palepale.

Kabla ya kuchomoa bolti ya mwisho, funga habu ya tairi kwa waya. Ikianguka nje itavuta paipu ya breki, na hata kiungo cha ndani cha ekseli kinaweza kuchomoka. Kisha panda juu, fungua boneti, toa nati tatu ndogo namba 12 huku mwenzako ameshika shoki chini. Nati ya katikati usiiguse! Hiyo ndiyo inayoizuia springi kuruka, na kila mwaka kuna mtu anayeifungua kwanza kwa sababu ndiyo kubwa na inaonekana muhimu.

Kubadilisha springi

Weka kibanio pande mbili zinazotazamana. Bana kwa zamu, mizunguko michache kila upande, hadi springi icheze mkononi kati ya vikalio vyake. Ikishacheza, hapo tu ndipo unafungua nati ya katikati, ukizuia fimbo ya shoki isizunguke kwa Allen. Panga kila kitu chini kwa mpangilio uliokitoa: nati, wesha, kikombe cha juu, raba, springi, kifuniko cha vumbi, raba ya kuzuia kugonga. Piga picha kwa simu.

Springi mpya ni fupi, kwa hiyo mara nyingi inaingia kwa kubanwa kidogo sana. Maandishi yake yasomeke wima. Ncha ya chini ya springi ina mahali pake, kijiko kwenye kikalio cha shoki, na lazima ikae ndani hadi iguse ukuta wa kijiko. Mimi upande wa dereva niliiacha nje kidogo, kama kucha moja tu. Siku ya pili nikikata usukani pale getini nilisikia "kong!" na mlinzi akageuka kuniangalia. Ilibidi nitoe shoki nzima tena.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Kwa gari hili nilifunga bolti mbili za mbele kwa 175 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza kwenye spana ya toki), nati ya katikati 55, nati tatu za juu 20 tu. Hizo tatu ni nyembamba, ukizikaza kwa hasira zinakatika. Gari lako likiwa jingine, fuata kitabu chake.

Nyuma

Nyuma ni shoki ya aina ileile, ila nati zake za juu zimejificha ndani ya buti, nyuma ya plastiki za pembeni. Nusu ya muda inaliwa na klipu za plastiki. Nunua chache za akiba.

Jambo moja ambalo mafundi wengi huliruka: raba za mikono ya chini, ile mikono inayounganisha habu na bodi, zilikazwa gari likiwa juu kuliko sasa. Ukiziacha hivyo zinakaa zimesokotwa muda wote na kuchanika mapema. Legeza bolti zake, shusha gari likae kwa uzito wake juu ya mbao au kwenye rampu, lisukume mara kadhaa lijitulize, kisha kaza hapo. Ni kazi ya nusu saa.

Halafu pima tena kutoka rimu hadi bodi. Langu lilishuka milimita 28 mbele kwanza, baada ya wiki mbili likafika 31.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa Rongai: Mkuu, kwa nini nisikate hizi springi zangu kwa grinda? Jamaa mmoja jua kali ananiambia ni dakika kumi.

Jibu: Ni kweli ni dakika kumi. Ukikata, ile ncha inayokaa kwenye kijiko inaondoka. Tairi likining'inia, kwa mfano ukivuka mtaro, springi inalegea na kuhama mahali pake, ikirudi inakalia upande. Na akitumia gesi badala ya grinda, moto unaua ugumu wa chuma chenyewe.

Mama wa Forester: Yangu ni SG. Nimeambiwa shoki za nyuma zinajiinua zenyewe. Nitaweka springi fupi tu?

Jibu: Dada, hapana, si kwa shoki hizo. Baadhi ya Forester za kizazi hicho zilikuja na shoki za nyuma zinazobeba sehemu ya uzito zenyewe, na springi zake ni laini. Ukitaka kushusha, badilisha shoki za nyuma kwanza uweke za kawaida pamoja na springi zinazolingana nazo.

Kijana wa Umoja: Shoki zangu zina kilomita zaidi ya laki moja. Zitavumilia?

Jibu: Ukiziona zina unyevunyevu wa oili, usijisumbue, nunua na shoki. Kazi ni ileile, hutataka kufungua mara mbili. Kama ni kavu, bonyeza kona ya gari kwa nguvu na uachie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja, imekwisha. Na angalia ile raba ya kuzuia kugonga, mara nyingi inakuwa imebaki unga.

Mzee wa Legacy: Alainmenti lini? Siku hiyohiyo?

Jibu: Mzee wangu, mimi nilienda mara mbili. Kesho yake, kwa sababu gari likishuka, tairi zinalala kwa ndani juu na mwelekeo wake unabadilika, na ukiendesha hivyo Outering Road wiki nzima unakula tairi upande wa ndani. Kisha tena baada ya wiki mbili springi zikishatulia. Taa za mbele pia zirekebishwe, na kampuni yako ya bima uiambie kabla, si baada ya ajali.

Dereva wa Rongai: Na matuta?

Jibu: Mtaani kwetu nayapita kwa pembe, tairi moja kwanza. Langu linagusa tuta moja tu, lile la karibu na kanisa, na lilikuwa linagusa hata kabla.

Kijana wa Umoja: Naweza kuazima hicho kibanio?

Jibu: Njoo Donholm na kitambulisho, nitabaki na kitambulisho hadi urudi. Kibanio kirudi kimepakwa grisi kwenye meno yake, kama nilivyokipokea kwa mwenyewe.