Kambi ya kompyuta ya wikendi: yamalizeni haya Ijumaa jioni

Kambi ya kujitolea huharibika Jumamosi saa tatu asubuhi, watu 30 wanapochomeka chaja kwa mpigo na kila mmoja anataka kupakua faili lile lile. Ratiba ya masomo mnaweza kuibadilisha papo hapo. Umeme na mtandao havibadilishiki ukumbi ukishajaa.

Anzeni na umeme. Chaja ya laptopu ya kawaida ihesabiwe wati 65, kompyuta ya mezani na skrini yake wati 250. Laptopu 30 basi ni wati 1,950. Kwa umeme wa volti 230, breka ya ampea 16 hubeba wati 3,680, ila msiipandishe kupita asilimia 80, yaani kama wati 2,900. Kwa hesabu hiyo laptopu zote zinatosha njia moja, mpaka mtu alete birika la umeme. Birika moja linaweza kula wati 2,000, na breka ikijikata watu wanapoteza kazi. Mwombeni mwenye jengo awaonyeshe kisanduku cha breka, mzime moja baada ya nyingine, na kila soketi muibandike namba ya breka yake. Chai ichemshwe kwenye njia yake yenyewe.

Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, kwa kuwa mzigo wote hupitia ile ya kwanza na viungo vyake hupata moto. Ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu ikunjuliwe yote hata kama meza iko karibu: waya uliojiviringa haupoi, na ganda lake huweza kuyeyuka. Nyaya za sakafuni zibandikwe kwa tepu.

Kwenye mtandao, swichi (kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa waya) ya matundu 24 kwa watu wa waya na kituo cha Waifai kwa wengine vinatosha. Anwani za mtandao, yaani namba inayotambulisha kila kompyuta, zigawiwe na ruta moja tu. Mshiriki akichomeka ruta yake ya nyumbani kwenye swichi, nayo huanza kugawa anwani, na baadhi ya watu hujikuta hawafiki popote. Mtamtambua aliyepatwa: mmepanga anwani za 10.0.0, yeye ana 192.168. Mtandao wote ukifa ghafla huku taa za swichi zikimeta zote pamoja, kuna waya ambao ncha zake mbili zimeingia kwenye swichi ile ile, na ujumbe unazunguka bila kukoma. Chomoeni mmoja mmoja mpaka taa zitulie. Kwa Waifai ya gigahezi 2.4 tumieni chaneli 1, 6 na 11, kwani hizo haziingiliani.

Sasa upakuaji, ambao waandaaji wengi huupuuza. Faili la mfumo endeshi la gigabaiti 5 kwa watu 30 ni gigabaiti 150. Kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya saa 16. Lipakueni mara moja kabla ya kambi, mlihakiki kwa SHA256 (alama inayoonyesha kama faili limefika zima), kisha muandae flashi kumi za kuwashia kompyuta. Nakala nyingine ikae kwenye kompyuta moja ya ukumbini ili watu wachukue kwa waya. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) hukataa faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata nafasi ikiwepo; ya kubebea mafaili makubwa iwe exFAT.

Mtu akija kusakinisha mfumo endeshi wa Linux, kwanza bekapu (nakala ya mafaili yake) kwenye diski ya nje. Asiye na bekapu haguswi diski, hata akibembeleza. Kabla ya kubadili Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka), aandike pembeni ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows), maana Windows inaweza kuudai ikiwashwa tena. Azime Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows) pia: ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, na Linux inaweza kukataa kuandika kwenye diski yake. Kompyuta kuukuu ikilalamika kuhusu vyeti vya usalama kwenye kila tovuti, tazameni tarehe yake kwanza. Mara nyingi betri ya CR2032, inayotunza saa ya kompyuta, huwa imekufa.

Msaidizi mmoja kwa washiriki watano. Aelekeze kwa mdomo na kidole, kibodi ibaki kwa mwenyewe, maana atakachoandika mwenyewe ndicho atakachoweza kurudia nyumbani.

Jumapili, saa ya mwisho msiifundishie kitu. Kila aliyesakinisha achomoe flashi na waya wa mtandao, azime, awashe. Wakati mwingine kiwashi cha mfumo huandikwa kwenye flashi badala ya diski, na kompyuta iliyofanya kazi siku nzima hugoma flashi ikiondoka. Afadhali igome hapo, wasaidizi wakiwa bado hawajakunja nyaya.