Tangi jipya la matumbawe: usikimbize nitrati na fosfeti hadi sifuri

Mama yangu analima mwani Paje, Zanzibar. Maji yakipwa hutoka na kamba zake, akafunga vipande vidogo kwa tai-tai, vikamba vyembamba, baina ya vijiti, na baada ya wiki sita hivi kila kipande kimekuwa kichaka cha kubebwa kwa mikono miwili. Hatii mbolea yoyote. Mwani wote ule umejijenga kwa mwanga wa jua na vile vilivyoyeyuka majini, nitrati na fosfeti zikiwemo. Nimekua nikiliona jambo hilo, lakini nilipoweka tangi la matumbawe hapa Leicester, Uingereza, sikulizingatia, na nikapoteza matumbawe manne na konokono kumi na mmoja. Naandika ili wako wasife.

Tangi langu ni la sentimita 90 kwa 45 kwa 50, yaani lita 200 kwa hesabu ya kioo. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 170. Namba hiyo ya pili iandike mahali unapoiona, kwa kuwa kila utakachotia kitapimwa kwayo.

Anza na maji. Hapa Uingereza sheria inaruhusu maji ya bomba kuwa na nitrati hadi miligramu 50 kwa lita, na sehemu nyingi kampuni za maji hutia fosfeti makusudi ili madini ya risasi ya mabomba ya zamani yasiyeyuke. Kwa mnywaji hayana neno. Kwa tangi jipya ni mbolea. Tafuta mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba wa kuchuja, wenye kichujio cha resini (punje za kunasa kilichobaki) mwishoni, pamoja na kile kipimo kidogo cha vitu vilivyoyeyuka, na kisome sifuri. Kikianza kusoma 1 au 2, badilisha resini. Resini inayochoka huachia silika, madini yaleyale ya mchanga, mapema, na silika ndiyo chakula cha wageni wako wa kwanza.

Wageni hao ni diatomu, mwani mdogo sana wa seli moja. Kwangu walikuja wiki ya tatu: vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo, kama mtu amemwaga kakao. Wakati huo bakteria wa tangi bado wanajipanga kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, kazi inayochukua wiki nne hadi sita. Futa kioo, usitie dawa, usinunue kitu. Silika ikiisha nao huondoka. Usiwashe taa kwa saa kumi kwa sababu tu unapenda kutazama. Tangi lisilo na matumbawe halihitaji mwanga mwingi. Mimi nilianza na saa sita, mwanga wa buluu kwa nguvu na mweupe kidogo kabisa.

Mwezi wa pili ukaja mwani wa nyuzi, wa kijani, mrefu kama nywele. Nilipima fosfeti nikapata sifuri, nikashangaa chakula chake kinatoka wapi. Jibu ni kwamba kipimo husoma kilichobaki majini tu. Mawe makavu ya dukani mara nyingi huja na fosfeti iliyoganda ndani yake, nayo hutoka polepole, na mwani ulioota juu ya jiwe huila kabla haijafika kwenye chupa yako ya kupimia. Kwa hiyo ukiona sifuri na huku mwani unastawi, ujue chakula kipo na kinaliwa.

Dawa ya mwani wa nyuzi ni mikono. Zima pampu, ung'oe kwa vidole, sugua kwa mswaki mgumu, na wakati huohuo vuta uchafu kwa mpira mwembamba uingie kwenye ndoo. Jiwe linalotoka litoe, ulisugulie ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Kila konzi inayoingia kwenye ndoo ni nitrati na fosfeti iliyotoka tangini kwa hakika, kama vile mama anavyotoa mwani wake baharini ndani ya gunia. Ukiuacha mwani ufe humohumo, umerudisha kila kitu majini.

Baada ya kung'oa ndipo walaji wafanye kazi. Kule kwetu mwamba unafyekwa mchana kutwa na samaki kama tasi, pono na kangaja. Kangaja hafai tangi la lita 200, hana pa kuogelea. Weka konokono. Aina ya Trochus naipenda kuliko zote kwa sababu akianguka chali anaweza kujigeuza mwenyewe. Wengine hulala hivyo mpaka wafe. Anza na sita au wanane. Ujue tu kwamba wanakula mwani mfupi. Nyuzi za sentimita tano hawazigusi.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwani ulikuwa umeshapungua, lakini nilitaka uishe wote. Muuzaji wa duka moja akaniuzia chembechembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti, nikazitia nyingi. Mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini kwa mapovu, nikaiendesha usiku na mchana, samaki wangu wawili nikawalisha kidogo siku moja na kuwaacha siku moja. Baada ya wiki tatu nitrati ilisoma sifuri, fosfeti sifuri, na tangi lilikuwa jeupe kama sahani. Nilifurahi kwa siku nne.

Siku ya tano niliona ute wa kahawia wenye nyuzi kama makamasi, na kila ncha ina kipovu cha hewa. Usiku ute huo ulipotea karibu wote. Ilipofika saa nane mchana ulikuwa umerudi. Hao ni dinoflajelati, viumbe vidogo sana vya seli moja. Mwani na bakteria wengine wanapokosa chakula, hawa hubaki na uwanja mtupu. Nikafanya kosa la pili: nikabadilisha maji mengi, na hali ikazidi, kwa sababu maji mapya yalipunguza hata kile kidogo kilichokuwepo. Konokono waliokula ule ute walianza kufa.

Ukifikishwa hapo, fanya hivi. Kwanza hakikisha ni wao: chukua tone, litie chini ya hadubini ya bei rahisi. Ostreopsis, aina mojawapo ya hao, ana umbo la tone la machozi na huzungukazunguka papo kwa papo kana kwamba amefungwa kamba. Vaa glavu unapomgusa, ana sumu. Toa zile chembechembe za fosfeti zote. Acha kubadilisha maji kwa muda. Kisha pandisha chakula. Katika lita 170, gramu 1 ya nitrati ya sodiamu hupandisha nitrati kwa miligramu 4.3 hivi kwa lita. Mimi niliigawa kwa siku mbili na kupima kila jioni mpaka ikasimama kwenye 5. Fosfeti niliipandisha kwa kulisha zaidi, nikailenga miligramu 0.1 kwa lita.

Ostreopsis huachia mchanga na kuelea majini usiku, kwa hiyo taa ya urujuanimno iliyounganishwa na tangi moja kwa moja humkamata. Amphidinium, aina nyingine, hukaa mchangani usiku na mchana. Kwake taa hiyo ni hasara ya fedha. Nilifunika pia tangi kwa siku tatu, giza tupu, na matumbawe yaliyobaki yalivumilia. Ndugu mmoja mwenye tangi la miaka sita akanipa kikombe cha mchanga wake na jiwe dogo lenye viumbe hai. Naamini hicho ndicho kilichonisaidia kuliko vyote, kwa sababu mawe makavu huja bila wakazi, na nafasi tupu lazima ijazwe na mtu. Ilichukua wiki saba.

Utando mwekundu unaobanduka kama ngozi ni sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, kisa kingine kabisa. Mara nyingi huanza pale maji yanapotuama. Uvute kwa mpira, geuza pampu ielekee huko, na ufue soksi za kuchujia kila baada ya siku tatu.

Kuhusu namba: mwaka 1934 mwanasayansi wa bahari Alfred Redfield alionyesha kwamba nitrojeni na fosforasi katika planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea baharini, zina uwiano usiobadilika sana, ambao baadaye ulihesabiwa kuwa takriban atomi 16 za nitrojeni kwa kila moja ya fosforasi. Watu wameugeuza uwiano huo kuwa amri ya tangi. Mimi siufuati. Nashikilia nitrati kati ya 5 na 10, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, zote kwa miligramu kwa lita, na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, kwenye 8 kwa kipimo cha dKH. Mwambani nitrati ni ndogo kuliko hiyo, kweli, lakini kule mkondo huleta planktoni saa zote, na tangini anayeleta ni wewe na kijiko chako.

Sasa tangi lina miezi kumi na minne. Jumapili napima, natoa lita 20 na kutia 20. Chini ya kabati nina chumba chenye bonge la Chaetomorpha, mwani unaonyonya nitrati na fosfeti na unaofanana na waya wa kusugulia sufuria, na taa yake huwaka usiku, ile ya juu inapozima. Bonge likijaa chumba, nakata nusu. Fosfeti ikishuka chini ya 0.03 sikati, napunguza saa mbili za taa yake, nasubiri wiki, kisha napima tena.