Namna ya Kukitafuta Kisima cha Kijiji Chenu Ndani ya Bunge la Bajeti

Ondoa kwanza wazo moja kichwani: kwamba mbunge wenu akisimama mwezi Mei, akapandisha sauti kuhusu maji, kisima kitaandikwa hapo hapo. Hakiandikwi. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au matumizi ya Serikali mpaka Rais alipendekeze na Waziri aliwasilishe. Mbunge anaweza kulalamika, kuhoji, kubana, hata kukwamisha kwa muda. Kuongeza fedha kwa hiari yake, hapana. Ukilijua hili hutapoteza muda kumchukia mtu wa watu kwa kosa ambalo si lake, na utajua pa kumshikia kwa lililo lake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, katibu wa chombo chetu cha watumia maji kijijini, mkoa wa Singida. Nimefundisha Hesabu darasa la saba miaka mingi, kwa hiyo hotuba ya bajeti naisoma na kalamu nyekundu mkononi. Vijana wananiambia, "Mwalimu, hayo mambo ya Dodoma." Ni ya Dodoma kweli, lakini bomba liko hapa.

Jambo la kwanza ni kujua kisima chenu kinaishi kwenye fungu gani. Serikali imegawa bajeti yake kwa mafungu, kila fungu lina namba, na namba hizo hazibadilikibadiliki. Maji ni Fungu 49. Afya ni 52, Elimu 46, Kilimo 43, Ofisi ya Rais TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, 56. Mikoa nayo ina ya kwake. Singida ni 84. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Maji ya vijijini zamani yalikuwa chini ya halmashauri, lakini tangu RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ianze mwaka 2019 yako chini ya Wizara ya Maji. Mtu anasikiliza siku ya TAMISEMI kutwa nzima akingoja jina la kijiji chake kwenye maji, kumbe siku yake bado haijafika. Ukiwa unatafuta zahanati au madarasa ya shule ya msingi, hapo sawa, kaa na TAMISEMI na fungu la mkoa wako. Ukitafuta kisima, subiri Fungu 49.

Vitabu vya bajeti vyenyewe ni vinne. Cha kwanza ni mapato. Cha pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, yaani mishahara na uendeshaji. Cha tatu ni ya kawaida ya mikoa. Cha nne ni miradi ya maendeleo, na wewe kitabu chako ni hicho. Ukikifungua utakuta kila mradi una namba yake, na fedha zimetenganishwa: za ndani na za nje. Angalia sana utengano huo. Mradi unaotegemea za nje unaweza kukaa kitabuni umevaa suti mwaka mzima bila shilingi kufika, kwa sababu masharti ya mkopo hayajakamilika.

Usiogope namba kubwa. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ya 2025/26 ikawa trilioni 56.49. Hizo ni za kusomwa na wachumi. Wewe unatafuta mstari mmoja. Na kwa bahati nzuri hotuba ya Waziri wa Maji huwa na majedwali nyuma yake, yenye miradi kwa mikoa na wilaya. Watu husikiliza hotuba na kuacha majedwali. Fanya kinyume: pakua, ruka salamu na pongezi zote, nenda nyuma kabisa.

Sasa mjadala wenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2013/14 mpangilio uligeuzwa: wizara zinajadiliwa kuanzia Aprili, hotuba kuu ya bajeti inasomwa Juni, na mwaka mpya unaanza 1 Julai. Kila wizara ina mfuatano wake: Waziri anasoma, mwenyekiti wa Kamati ya Bunge inayoisimamia wizara hiyo anasoma maoni, wabunge wanachangia, Waziri anahitimisha, kisha Bunge zima linakaa kama Kamati ya Matumizi kupitia vifungu.

Ukiwa na nafasi ya kusikiliza kitu kimoja tu, sikiliza maoni ya Kamati. Kwa maji siku hizi ni Kamati ya Maji na Mazingira. Redio nyingi hukata matangazo hapo, kwa sababu mwenyekiti anasoma tu na hakuna anayegombana. Lakini Kamati ndiyo inayosema waziwazi: mwaka jana tuliidhinisha kiasi hiki, hadi mwezi fulani Hazina imetoa kiasi hiki. Kurasa hizo ndizo nazipigia mstari kuliko zote. Mwaka 2017 Wizara ya Maji ilikuja bungeni ikiwa haijapokea hata robo ya fedha zake za maendeleo, na mwezi ulishakuwa Mei. Mwaka mpya ikaombewa bajeti ndogo zaidi, kutoka zaidi ya shilingi bilioni 900 hadi karibu bilioni 650. Wabunge wa pande zote wakachemka, wakataka tozo ya Mfuko wa Maji ipande kutoka shilingi 50 hadi 100 kwa kila lita ya mafuta. Serikali ikakataa. Ukisoma mjadala ule utajifunza kitu ambacho hakisemwi kwenye mikutano ya hadhara: fedha kutengwa na fedha kutolewa ni mambo mawili, na kati yake pana mwaka mzima.

Wachangiaji wenyewe utawazoea. Mbunge anaanza na shukrani, anahamia pongezi kwa Waziri na Naibu wake na Katibu Mkuu, kengele ya kwanza inagonga akiwa bado hajafika jimboni kwake. Halafu kwa dakika zilizobaki anaeleza mama zetu wanavyoamka saa tisa usiku, miradi ilivyokufa, mkandarasi alivyotoroka, na mwisho anasema, "Naunga mkono hoja mia kwa mia." Nilikuwa nikikasirika. Siku hizi naelewa sababu moja: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Hakuna anayetaka kurudi kwa wapiga kura kabla ya wakati. Ndiyo maana shinikizo la kweli halitafutwi kwenye kura ya mwisho.

Linatafutwa kwenye shilingi. Katika Kamati ya Matumizi, Katibu anasoma vifungu kimoja kimoja, na penye mshahara wa Waziri mbunge anaweza kusimama akatoa hoja ya kuondoa shilingi mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Ndiyo kule kusema, "Nashika shilingi." Wenzake wakisimama kumuunga mkono, mjadala unafunguliwa, na Waziri analazimika kujibu jambo moja kwa undani. Mara nyingi inaisha na, "Kwa maelezo hayo, narudisha shilingi." Usidharau. Yale "maelezo hayo" yameingia kwenye kumbukumbu za Bunge, na ndiyo utakayoyabeba kwenda kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Muda ukiisha, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo, wenyewe wanaita gilotini, na kilichokuwa hakijaulizwa kimeshapita.

Si kwamba Bunge haliwezi kugoma. Julai 2011, wakati mgao wa umeme umewachosha watu, bajeti ya Nishati na Madini ilikataliwa na wabunge wa chama tawala na wa upinzani kwa pamoja, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaomba iondolewe ikafanyiwe kazi, ikarudi Agosti na mpango wa dharura wa umeme. Lakini hilo ni tukio la nadra, usilijengee matumaini ya kisima.

Kinachofuata ni Hansadi, na hapa nitakaa kidogo. Taarifa Rasmi za Majadiliano zinawekwa kwenye tovuti ya Bunge, kikao kimoja faili moja, na ziko kwa Kiswahili, hilo tushukuru. Faili ni refu. Tumia kisanduku cha kutafuta, andika jina la kijiji, kisha la kata, kisha la jimbo. Jaribu na tahajia nyingine: majina ya Kinyiramba na Kinyaturu yanaandikwa jinsi mwandishi alivyoyasikia, na nimewahi kukikuta kijiji cha jirani kimeandikwa kama ukoo wa mtu. Usiishie kwenye waliozungumza. Mbunge aliyekosa nafasi anaweza kuwa amepeleka mchango wa maandishi, nao unachapwa humo humo. Na ukipekua za kabla ya 2020 utakuta hotuba ya tatu, ya Kambi Rasmi ya Upinzani, iliyokuwa ikisomwa baada ya Kamati. Ilikuwa na hasira nyingi, lakini pia na majedwali ya kulinganisha yanayokuokolea kazi.

Ukimpata Waziri akijibu kuhusu kwenu, soma kitenzi, usisome sauti. Mimi nina ngazi zangu. Ngazi ya chini kabisa ni "Serikali inatambua changamoto hiyo." Hapo huna kitu. Juu yake kidogo ni "kadri fedha zitakapopatikana". Hapo una hewa. "Upembuzi yakinifu unaendelea" maana yake kuna mtu amelipwa kuja kutazama. Uliza ni nani na alikuja lini, kwa sababu kijiji kizima kingemwona. "Usanifu wa kina umekamilika" ni habari njema ya kweli, kwa sababu sasa kuna makadirio ya gharama na unaweza kuuliza kiasi. "Serikali inatarajia kutenga" bado ni matarajio. "Imetenga" ni neno la kupigia mstari, ila rudi kitabuni ukahakikishe. "Mkandarasi yuko saiti" linapimwa kwa baiskeli: nenda ukatazame. Na lililo zuri kuliko yote ni pale Waziri anapotaja hati ya madai ya mkandarasi na kusema imelipwa, kwa kiasi na mwezi. Waziri akitaja mwezi, andika.

Chama chetu cha watumia maji kina daftari la mistari minne kwa kila ahadi: tarehe ya kikao, maneno yenyewe kama yalivyochapwa, kiasi kilichotengwa, kiasi kilichotolewa. Mstari wa nne ndio ulio mweupe mara nyingi. Mradi wetu ulisomwa kwenye majedwali miaka kadhaa mfululizo, kiasi kile kile, kama mwanafunzi anayerudia darasa. Tulipompelekea mbunge karatasi ya ukurasa mmoja yenye miaka hiyo imepangwa chini kwa chini, aliuliza swali la nyongeza lililonyooka kuliko hotuba zake zote. Karatasi iwe fupi. Mtu mwenye dakika chache hawezi kusoma risala, na risala zetu tunajuana.

Usifunge daftari wizara ikishapita. Baada ya hotuba kuu ya Juni wabunge wanaitwa majina mmoja mmoja kupiga kura ya bajeti, kisha unakuja Muswada wa Sheria ya Fedha, na huo ndio unaogusa mfuko wako moja kwa moja. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilipita humo, pamoja na kodi ya majengo kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wengi wetu tulizijua pale simu na mita zilipotukata, wakati muswada ulishajadiliwa mbele ya macho yetu. Kelele zilipokuwa kubwa, tozo ya miamala ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo.

Kuhusu kuingiza mradi mpya kabisa, Mei umechelewa. Ibua mradi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari usainiwe, upelekwe kamati ya maendeleo ya kata, na nakala iende RUWASA wilaya kabla mwaka haujaisha, maana Januari na Februari halmashauri na taasisi zinakuwa tayari zinafunga makadirio. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Mpate huko, mahali ambapo hana kengele.

Kisha ngoja Aprili ya mwaka unaofuata, ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowekwa mezani. Anza na ile ya miradi ya maendeleo, tafuta neno "maji", halafu jina la mkoa. Kama mradi wenu umo, toa nakala tatu za ukurasa huo: moja ya mbunge, moja ya diwani, moja ya ubao wa matangazo wa kijiji. Ile ya ubaoni ibandikwe kwa gundi, maana pini huchomolewa.