Data ya wateja imevuja: namna ya kuwaarifu kwa mujibu wa sheria ya Kenya

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamgusa mwenye kliniki ya meno mtaani sawa na benki kubwa. Kama unaweka taarifa za wateja, fuata utaratibu huu.

1. Andika saa. Unazo saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hii, kuanzia pale ulipojua kwamba data imeingia mikononi mwa mtu asiye na ruhusa. Ikiwa iliyodukuliwa ni kampuni uliyoikabidhi data, tuseme ile inayowatumia wateja wako SMS, nayo inapaswa kukuarifu bila kukawia, ikiwezekana ndani ya saa 48. Liweke hilo kwenye mkataba mapema.

2. Pima hatari. Wajibu wa kuarifu unakuja pale mteja anapoweza kudhurika kweli: kuibiwa pesa, kukopewa kwa jina lake, siri ya ugonjwa wake kutoka nje. Data ikiwa ilisimbwa kwa njia fiche ipasavyo, yaani ikageuzwa isisomeke bila ufunguo, sheria haikulazimishi kuwaandikia wateja.

3. Mjulishe Kamishna. Usingoje uchunguzi ukamilike. Ukipitisha saa 72, eleza sababu.

4. Waandikie wateja. Hapa ndipo biashara nyingi huteleza. "Kulitokea hitilafu, tunaomba radhi" haimsaidii mtu yeyote. Sheria inataka mteja apewe maelezo ya kumwezesha kujikinga: kilichotokea, hatua unazochukua, afanye nini, amtafute nani. Kwa mfano:

"Tarehe 3 Machi mtu asiye na ruhusa alifungua kompyuta yetu ya mapokezi na kunakili jina lako, nambari yako ya simu na ya kitambulisho. Rekodi za matibabu hazikuguswa. Tumefunga akaunti iliyotumika na kumjulisha Kamishna wa Data. Mtu akikupigia na kukutajia nambari ya kitambulisho chako, usiamini kwamba ametoka kwetu, na usimpe PIN yako. Kwa maswali, piga nambari hii…"

Sentensi ya PIN ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Tapeli mwenye jina na kitambulisho cha mtu huaminika haraka, na mteja aliyeonywa mapema hukata simu.

5. Weka kumbukumbu ya tukio, athari zake na marekebisho uliyofanya. Faini ya Kamishna inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.